Mapunye ya mtoto hayaishi, krimu nimepaka hadi tyubu ya pili

Mama Wawili: Wakuu habari za jioni. Mwanangu wa miaka 6 ana mapunye, yalianza kaduara kamoja nyuma ya sikio kama sarafu, sasa yako matatu, nywele zimekatika zimebaki vidoti vyeusi na ngozi inatoa unga. Dukani nikapewa ile krimu ya mchanganyiko, nikipaka muwasho unakata siku mbili tatu nasema kapona, nikiacha yanarudi na duara limepanuka. Shida nini jamani?

Babu Kijiwe: Sisi tulikuwa tunasuguliwa na gunzi mpaka damu halafu unapakwa unga wa betri, na tulipona 😂

Dawa Baridi: Babu usimpoteze mwenzio, mlipona kwa sababu mlikua, mapunye wengi yanawaacha wakibalehe. Mama Wawili hiyo krimu acha leo. Humo kuna steroidi, ndiyo inakata muwasho, ila inashusha kinga ya ngozi na fangasi anajitanua raha mustarehe. Hata ingekuwa ya fangasi tupu isingetosha, mdudu yuko ndani ya unywele mpaka kwenye shina, krimu inaishia juu juu. Kichwani ni dawa ya kunywa: griseofulvini wiki 6 hadi 8, anywe na maziwa au chakula chenye mafuta ndiyo inaingia vizuri, au terbinafini kama wiki 4. Dozi inaenda na kilo kwahiyo mpeleke kituo cha afya akapimwe, usikisie. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki inasaidia asiambukize wenzake, ila vidonge vya ketokonazoli ukipewa kataa, vinaumiza ini.

Mama Wawili: Asante sana mkuu. Wiki 8 mbona nyingi hivyo?

Dawa Baridi: Dawa inakaa kwenye unywele unaoota upya, ule mbovu unasukumwa nje taratibu. Wengi wanaacha wiki ya pili wakiona unga umeisha, mwezi ujao wanarudi kwangu.

Fundi Kipara: Mimi kinyozi, niseme ukweli tu, ile kufuta mashine na pamba ya spiriti mara moja ni geresha, vinywele vya mteja aliyepita unavikuta katikati ya meno. Mnunulie mashine yake. Halafu mna paka hapo nyumbani? Kuna fangasi wa paka na mbwa anayehamia kwa watoto.

Mama Wawili: Paka tunaye na analala nae 😳 ana kipara juu ya jicho, nikadhani kapigana na wenzake