Naombeni ushauri: jiko la presha la umeme limemuunguza dada wa nyumbani, niendelee nalo au nirudi kwenye mkaa?

Mama_Nzuguni:
Habari zenu wadau, na wenyeji wenzangu wa Dodoma mbukwenyi. Bado sijatulia vizuri kwa hiyo mnivumilie kama maelezo yatakuwa marefu.

Mwezi uliopita tulinunua jiko la presha la umeme, lile la lita 6 la kubonyeza vitufe. Tuko Nzuguni, watu sita ndani, na mama mkwe kaja kutoka Mpwapwa anatibiwa macho hapa mjini. Mkaa ulikuwa unatuumiza, hasa maharage, yaani unabandika saa nne yanaiva saa nane na bado mengine magumu. Jiko lilipokuja kila mtu alifurahi, nyama ya mnadani Msalato inalainika mpaka mama mkwe asiye na meno ya nyuma anatafuna.

Sasa Alhamisi nikiwa kazini Mtumba napigiwa simu niwahi nyumbani, dada kaungua. Alivyonisimulia ni hivi: alitaka apike maharage ya siku mbili kwa mkupuo, akajaza sufuria ya ndani mpaka karibu na ukingo, akafunga. Muda ulipoisha akageuza ile vali ya juu mvuke utoke haraka maana watoto walikuwa wanakaribia kurudi shule. Ukatoka mvuke na povu la maharage, ukanyunyiza mpaka ukutani, halafu ukakata ghafla. Akajua presha imeisha. Akajaribu kufungua mfuniko ukagoma, akaona kile kipini chekundu bado kimesimama, akachukua kijiko akakisukuma chini kwa mpini, akazungusha kwa nguvu. Mfuniko ukaruka, uji wa maharage ukamwagikia mkono wa kulia na kidogo shingoni.

Jirani alimpaka dawa ya meno ndo akapelekwa hospitali. Ameshafungwa bandeji, anaenda kusafishwa kidonda kila baada ya siku mbili, madaktari wanasema atapona. Lakini mama mkwe amesema bomu hilo litoke kwake kwenye macho, mume wangu anasema kosa ni la binti, na mimi naona kosa ni langu maana nilimwelekeza dakika tano tu asubuhi nikiwa nakimbilia gari. Binti ana miaka 19, mzazi wake kaniamini nikae naye.

Naomba kujua, je lile jiko ni bovu? Kuna namna ya kulitumia bila hofu au nirudi mkaani nilale kwa amani?

Kibaigwa_Kwetu:
Pole sana dada na mpe pole huyo binti. Mimi ningelitoa. Chakula cha mkaa kina ladha yake na sufuria haijawahi kumrukia mtu.

Chaki_na_Ubao:
Pole mama. Nafundisha fizikia hapa Dodoma, niruhusu nieleze kwa nini lilitokea maana ukilielewa hofu inapungua sana.

Sisi tuko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100 kama Dar. Ndo maana maharage yanatusumbua kwenye sufuria ya kawaida, hata uongeze mkaa kiasi gani maji hayazidi hapo, unaunguza mkaa tu. Jiko la presha linafungia mvuke, presha inapanda, na maji yanafika nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka hovyo.

Sasa hiyo presha inasukuma mfuniko kutoka ndani. Majiko mengi ya nyumbani yanafanya kazi kwenye kama kilopaskali 70 juu ya hewa ya nje. Chukua mfuniko wenye upana wa sentimita 22, piga hesabu ya eneo lake, utapata msukumo wa kilo 270 hivi. Ni kama magunia mawili na nusu ya mahindi yaliyojaa yanasukuma kwenda juu. Meno ya mfuniko ndo yanashikilia mzigo huo. Kile kipini chekundu kinainuliwa na presha yenyewe, na kikiwa juu kinazuia mfuniko usizunguke. Binti alipokisukuma alifungua kufuli ya usalama kwa mkono wake bila kujua. Jiko lilikuwa linamwambia bado, asubiri.

Na mvuke kukata ghafla haikuwa presha kuisha. Povu liliziba njia.

Mama_Nzuguni:
Mwalimu nimesoma mara tatu na nimemsomea mume wangu. Hilo la kuziba sikuwahi kulifikiria, mimi mwenyewe ningedhani imeisha.

Mpishi_Sabasaba:
Mama pole. Mimi napika chakula cha kuuza karibu na soko la Sabasaba, nina majiko mawili ya aina hiyo mwaka wa tatu huu na sijaunguza mtu, naomba unisikilize kama mama mwenzio.

Maharage, kunde, choroko, makande, mchele, chochote kinachovimba au kutoa povu HAKIPITI NUSU ya sufuria, na hapo nahesabu maji na maharage pamoja. Nyama na mchuzi unaweza kwenda theluthi mbili. Ndani ya sufuria huwa kuna alama za mistari, mwoneshe binti kwa kidole, usimwambie kwa mdomo tu. Lita 6 maana yake maharage na maji visizidi lita 3, kwa watu sita maharage makavu nusu kilo yanatosha sana na wala usitake ya siku mbili. Mimi nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, kijiko cha mafuta kupunguza povu, dakika 25 za presha. Yasiyolowekwa yanakula 40 mpaka 45, na huku kwetu juu ongeza kidogo, maelekezo ya kwenye boksi hayakuandikiwa Dodoma. Na maji yetu haya ya chumvi yanafanya maharage yawe na kichwa kigumu, ukiwa na maji ya mvua pikia hayo utaona tofauti.

Halafu, na hili ndo kubwa kuliko yote, maharage USIGEUZE VALI. Jiko likilia kwamba yameiva chomoa plagi, acha jiko lilivyo, kaoge, kunja nguo, dakika 20 mpaka 40 kipini kitashuka chenyewe. Kikishuka chenyewe ndo unageuza vali kuhakikisha, ndo unafungua, na unapofungua unainamisha mfuniko uwe kama ngao kati yako na chungu, mvuke uelekee ukutani. Kugeuza vali mapema ni kwa vitu kama viazi au ndizi zisizo na povu, na hapo tumia kijiko kirefu, mkono na uso visiwe juu yake.

Mama_Nzuguni:
Sasa mama, kama nimesubiri saa nzima na kipini hakishuki?

Mpishi_Sabasaba:
Chomoa, subiri zaidi, ukigusa mfuniko umepoa kabisa na ukigeuza vali hakuna hata pumzi inayotoka basi hapo kipini kimegandishwa na ute wa maharage, gongagonga kwa kijiko taratibu kitashuka. Lakini mpaka jiko liwe limepoa. Likiwa la moto hakuna kukigusa, hata mgeni awe mlangoni.

Nesi_wa_Zamu:
Jamani mimi naomba tuongelee ile dawa ya meno maana inaniuma kila siku kazini. Dawa ya meno, asali, yai, unga, manyoya ya sungura, mafuta, vyote hivi tunavikuta kwenye vidonda na inabidi tuanze kuvikwangua mtu akiwa analia. Vinafungia joto ndani na vinaleta uchafu.

Mtu akiungua ni maji safi ya baridi ya kawaida, yasiwe barafu, yapite juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Nasema 20 kwa saa, sio kunawisha. Najua huku kwetu maji ya bomba yana mgao, basi chota kwenye pipa au simtanki, mmoja amwagilie kwa kata polepole, ikiisha ndoo chota nyingine. Hata kama limeshapita nusu saa bado inasaidia, mpaka yapite masaa matatu tangu aungue. Vua pete, bangili, saa kabla mkono haujavimba, nguo iliyogandia usiivute. Funika na kitambaa safi au ile nailoni nyembamba ya kufungia chakula, nenda hospitali. Malengelenge usipasue. Kuungua usoni, shingoni, mkononi kwenye viganja, sehemu za siri, au mtoto mdogo, usisubiri kesho.

Mama huyo binti shingo yake waiangalie vizuri kila anapoenda kusafishwa, na muulize kama alichomwa sindano ya pepopunda. Mpe protini, mayai, karanga, maziwa, na anyooshe kiwiko kila siku hata kama kinavuta, mkono ukikaa umekunjwa muda mrefu ngozi inapona ikiwa fupi.

Mama_Nzuguni:
Nesi Mungu akubariki. Sindano alichomwa. Kiwiko alikuwa amekikunja kweli tangu Alhamisi anaogopa, jioni hii tumekinyoosha pamoja, kalia kidogo lakini kimenyooka.

Kibaigwa_Kwetu:
Nesi umenifundisha, kwetu tumekulia manyoya ya sungura. Ila bado nauliza, kwani mkaa hauna amani zaidi?

Nesi_wa_Zamu:
Kaka wodini nawaona watoto walioangukia jiko la mkaa, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya Dodoma ikikaza watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua. Kila moto una masharti yake.

Waya_Mwekundu:
Pole shemeji. Fundi umeme hapa, niongeze la upande wangu kwa sababu hamna aliyegusa soketi.

Jiko la wati 1000 kwenye volti 230 linavuta ampea 4 na ushee, soketi ya ukutani yenye pini tatu inalibeba bila shida. Shida ni ile ekstensheni nyembamba ya buku tano yenye friji, tivii, chaja na jiko juu yake. Iguse baada ya dakika kumi, ikiwa ya moto hiyo ni dalili, chomeka ukutani moja kwa moja. La pili, majiko mengi yanakuja na plagi ya miguu miwili na watu wanachokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili iingie. Usifanye hivyo! Badilisha plagi weka ya pini tatu yenye fyuzi, ethi ifike kwenye bodi ya jiko, na nyumba iwe na ethi ya kweli ardhini, maana huku kwetu kukiwa kukavu kuanzia Mei mpaka Novemba ardhi haipitishi vizuri, fundi aje apime.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi chomoa. Presha bado imo ndani, kukatika kwa umeme hakuishushi, kwa hiyo utaratibu ni uleule wa kusubiri kipini.

Na kabla ya kuweka sufuria ya ndani ifute maji chini, angalia kama hakuna punje ya maharage kwenye ile sahani ya moto, halafu ule mwili wa nje hauoshwi kwenye karai. Sufuria ya ndani haiendi kwenye gesi wala mkaa, ikipinda tako haikai sawa tena.

Chaki_na_Ubao:
Fundi yuko sahihi. Na kwa wanaohofia bili, mimi nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika nusu kilo ya maharage, haikufika nusu uniti. Kwa uniti ya shilingi 350 na ushee fanya hesabu mwenyewe ulinganishe na mkaa wa saa nne.

Mama_Nzuguni:
Wadau narudi kama nilivyoahidi kwa wale mlioniandikia pembeni. Jumapili tulikaa wote jikoni. Nilifungua mfuniko nikauangalia kwa mara ya kwanza tangu tununue, ile kofia ndogo ya ndani inayokinga vali ilikuwa imejaa maganda ya maharage yaliyokauka, kwa hiyo ilishaanza kuziba hata kabla ya Alhamisi na hakuna aliyekuwa anaichomoa kuiosha. Nimeichomoa, nimesafisha tundu kwa kijiti cha meno, nikatoa mpira nikauosha.

Binti sikumwambia apike. Nilimwambia akae kwenye kiti mbali, mimi nikapika maharage mpaka kwenye mstari wa nusu, na tulipofika kwenye kusubiri yeye ndo alikuwa anakiangalia kipini. Dakika 34. Kiliposhuka kilitoa kale kasauti kadogo, akaruka kwenye kiti, halafu akasema "mama kimeshuka chenyewe". Mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni muda wote na hajasema litoke tena, ila kasema watoto wasiingie jikoni likiwa linawaka na mimi nimekubaliana naye.

Swali moja limebaki, mpira wa mfuniko umeanza kulegea na una kaufa upande mmoja. Niendelee nao?

Waya_Mwekundu:
Hapana shemeji, wenye ufa utupe leo. Usinunue kwa kukisia, lita 6 za kampuni tofauti mipira yake hailingani. Nenda na mfuniko wenyewe mpaka dukani, wauvalishe hapohapo, uzungushe kidole kuona umekaa kwenye mfereji wote.

Mpishi_Sabasaba:
Na ununue miwili kabisa.

Mama_Nzuguni:
Sawa, kesho nikitoka kazini napitia Majengo na mfuniko kwenye kikapu.