Mrejesho: ile bunduki ya marehemu mzee

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama naweza kuingia porini kuwinda na raifo aliyoacha baba, maana leseni yake si ipo. Asanteni sana mliojibu, mmeniokoa aisee.

Jibu ni hapana. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama shamba, mwenyewe akifariki silaha inapelekwa polisi halafu anayeitaka anaomba upya kwa jina lake, ndo Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015 hiyo, ya hapa Tanzania. Nilienda na mama, bunduki tumeifunga kwenye shuka lake la zamani bado linanukia mafuta ya kusafishia, afande akaifuta vumbi kwa kidole akasoma namba moja moja huku analinganisha na kitabu cha mzee. Mama alilia pale kaunta, na mimi nusura.

Sasa nimeanza maombi. Na hata nikipata, ile ni ya kumiliki tu, kuwinda kuna leseni yake ya wanyamapori, inaandika mnyama gani na wangapi na eneo gani. Na yule aliyesema tupige tukiwa juu ya gari, kaka usithubutu, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 imekataza, na bunduki za kujikoki zenyewe pia. Nyati nimeachana naye, anataka bunduki ya kaliba (unene wa risasi) .375 kwenda juu na ya mzee ni .30-06, risasi ndogo zaidi, hiyo ni ya swala.