Manjano na kitunguu saumu kwa broila: kiasi gani kwa mfuko?

BwanaBanda: Wakuu, nina broila 200, siku ya 12, wanakula pelleti (chakula cha punje zilizoshindiliwa) za dukani. Nataka kuwawekea manjano na kitunguu saumu wakue haraka. Mfuko wa kilo 50 unataka kiasi gani? Na ngozi itakuwa ya njano kweli?

Mchanganyaji: Mkuu, manjano gramu 250 kwa mfuko, yaani nusu ya asilimia moja. Kitunguu saumu cha unga hivyo hivyo. Ukizidisha sana, harufu inawakata hamu, na broila asiyekula hakui. Kitunguu kibichi usikichanganye: zaidi ya nusu yake ni maji, chakula kitaota ukungu. Kikate vipande vyembamba, anika kivulini mpaka vivunjike kwa vidole, ndipo usage. Manjano nunua mizizi mizima, maana unga wa sokoni huchakachuliwa kwa rangi.

Ngozi sahau. Njano ile inatoka kwenye mahindi ya njano, na yetu mengi ni meupe.

KoleoMbili: Hapo juu pamesahaulika kwamba anatumia pelleti. Unga mkavu utashuka chini ya chombo, kuku wadonoe pelleti wauache. Nyunyizia kwanza mafuta ya kula robo lita kwa mfuko, geuza kwa koleo, kisha mwaga unga kidogo kidogo huku ukigeuza. Andaa cha siku tatu tu, mafuta yanachacha. Wa mashi (chakula kilichosagwa tu) hahitaji mafuta: unga uingie kwenye kilo 2 za chakula, hizo ziingie kwenye 10, ndipo mfuko mzima.

BwanaBanda: Na pilipili kichaa? Haitawaunguza?

Mchanganyaji: Ndege hawausikii ukali wake kama sisi. Macho yako ndiyo yatakayoungua. Ila chanjo za magonjwa ya kideri na Gumboro ziko palepale, kiungo hakizuii.

MzaniKwanza: Gawa kuku 100 kwa 100 kwa wavu, upande mmoja tu upate viungo. Pima chakula kinacholiwa na uzito, leo na siku ya 35. Tuseme wasio na viungo wanakula kilo 1.70 kwa kila kilo ya uzito inayoongezeka, wenye viungo 1.65. Kila kuku akiongeza kilo 1.6, kuku 100 wameokoa kilo 8 za chakula, lakini wamekula takribani kilo 2.6 za viungo. Kaulize bei ya kilo moja ya kitunguu saumu cha unga, halafu urudi hapa.