Mlisho wa RSS wa kufuatilia mabadiliko kwenye seva ya mafaili

mtunza_seva
Wakuu, habari zenu. Seva ni Samba (programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao) juu ya Debian, yaani Linux. Wahasibu wanataka kujua kila faili linapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa, ila hawataki baruapepe kwa kila badiliko. Nafikiria mlisho wa RSS (orodha ya habari mpya ambayo programu huifuatilia yenyewe) wausome kwenye Thunderbird, programu ya baruapepe. Nianzie wapi?

kerneli_tu
Mkuu, sakinisha inotify-tools (zana za kuangalia mabadiliko ya mafaili), kisha endesha hii kwenye seva yenyewe:

`inotifywait -m -r -e close_write,move,delete --exclude '/~\$|\.tmp$' --timefmt '%s' --format '%T|%e|%w%f' /srv/hesabu`

Ukiiendesha kwenye kompyuta iliyounganishwa na folda hiyo kupitia mtandao, haitaona wanachobadilisha wengine. Inotify husikiliza kerneli (kiini cha Linux) ya mashine yake tu. `move` usiiondoe: Excel huhifadhi kwenye faili la muda kwanza, halafu hulipa jina halisi. Usiweke `modify`, maana kunakili faili moja kubwa kutakujazia matukio mamia.

Kila folda huhesabiwa kwenye `fs.inotify.max_user_watches`, kikomo cha vitu vinavyoweza kuangaliwa. Kerneli za kabla ya 5.11 huanzia 8192, kwa hiyo kama folda ni nyingi ongeza kwenye `/etc/sysctl.d/`. Na mtu akibandika folda zima kwa mkupuo, mafaili ya mwanzo yanaweza kupita kabla halijaanza kuangaliwa. Kila usiku pitisha `find -newer` uyaokote.

xml_safi
Ukiyageuza matukio hayo kuwa mlisho, ambao ni faili la XML, wengi hukwama kwenye `guid`, kitambulisho cha kila habari. Ukiweka njia ya faili peke yake, badiliko la pili la faili hilohilo halitaonekana, kwa kuwa kisomaji kitadhani kimeshalisoma. Unganisha njia na muda, na uandike `isPermaLink="false"`. `pubDate` (tarehe ya habari) ipate kwa `date -R`. Faili likiitwa `Mapato & Matumizi.xlsx`, badili & iwe `&amp;`, la sivyo mlisho mzima hausomeki.

Andika kwenye faili la muda ndani ya diski hiyohiyo, kisha `mv`, ili msomaji asikute XML nusu. Bakiza habari 100 za mwisho, na mabadiliko ya folda moja ndani ya dakika 5 yaweke kama habari moja. Bila hivyo, kunakili mafaili 500 kunafuta kila kitu kingine.

mkaguzi_wa_logi
inotify haisemi *nani* kafuta, na wahasibu watauliza tu. Moduli ya Samba iitwayo full_audit huandika hayo kwenye logi. Kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba (%u ni mtumiaji, %I ni anwani ya IP yake, %S ni folda inayoshirikishwa):

`vfs objects = full_audit`
`full_audit:prefix = %u|%I|%S`
`full_audit:success = renameat unlinkat mkdirat`

Samba za zamani hutumia `rename unlink mkdir rmdir`, hivyo soma `man vfs_full_audit` ya toleo lako. Mlisho uweke nyuma ya HTTPS na nywila: majina ya mafaili ya mishahara pekee yanatosha kuvujisha siri.