Kahawa ya asubuhi: nichukue mashine ya kapsuli, presi, au nibaki na Africafe?

Mkazi wa Sinza: Wakuu, habari za humu. Naishi peke yangu na natoka alfajiri kukwepa foleni, kwa hiyo kahawa yangu ni ya kukoroga: kijiko cha Africafe, maji ya chupa ya chai, naondoka. Sasa jirani anahama, anauza mashine yake ya kapsuli bei chee. Nimeionja, kahawa ina povu zuri na inatoka fasta. Kinachonikwaza ni takataka, maana kila kikombe kinaacha kikopo chake. Madukani nimeona pia presi ya kioo na kile kibirika cha moka. Mnanishauri nini?

Chenga: Mkuu, hiyo bei chee ni chambo. Utaumia kwenye kapsuli. Moja hubeba kahawa kama gramu 5 tu. Piga hesabu ya kilo uone. Zile za alumini, Ulaya kuna vituo vya kuzirudisha zikayeyushwe. Wewe wa Sinza utamrudishia nani? Zitaishia dampo la Pugu Kinyamwezi na maganda ya ndizi. Na umeme ukikatika, umelala njaa ya kahawa.

Mama Kibo: Chukua presi, mwanangu. Nusu lita ya maji, kahawa gramu 30, dakika 4, halafu sukuma chujio chini taratibu. Maji yakichemka yaache yatulie kidogo kwanza. Kahawa isagwe chengachenga. Ikiwa laini kama unga wa ngano utakunywa tope. Arabika ya huku Kilimanjaro ukiinywa hivyo utaisahau ya kopo. Taka ni mashapo tu, mwagia mimea. Usithubutu kuyamwaga kwenye sinki, yanaziba bomba.

Kaka Moka: Presi kuiosha asubuhi na haraka zako? Hapana. Moka inakaa kwenye gesi, haina karatasi wala kapsuli, na inatoa kahawa nzito. Maji yasipite valvu, kahawa usiishindilie, ikianza kukoroma itoe jikoni. Ukichelewa hapo inaungua, inakuwa chungu kweli.

Nesi wa Zamu: Hapo kwenye presi niongeze neno. Kahawa isiyopita kwenye karatasi inabaki na mafuta yanayoweza kupandisha kolesteroli, na ile ya kuchemsha ndiyo zaidi. Kama vipimo vyako viko juu, tafuta koni ya plastiki na karatasi za kuchujia. Karatasi huoza pamoja na mashapo.

Baraza la Tanga: Karatasi, valvu, koni! Birika, tangawizi, kashata pembeni, basi.

Chenga: @Baraza la Tanga, mzee wangu, saa kumi na moja alfajiri kashata anakaanga nani?

Mhaya Original: Mbona mnaidharau Africafe? Inatengenezwa Bukoba, hapo hapo inapolimwa robusta. Haikuachii mashapo, na kopo likiisha mama anawekea chumvi. Kwa ladha sibishani na Mama Kibo.

Mkazi wa Sinza: Shukrani wakuu. Mashine namwachia jirani. Presi itakuwa ya wikiendi, siku za kazi naendelea kukoroga. Mama Kibo, shikamoo. Nyumbani sina mashine ya kusagia, nifanyeje?

Mama Kibo: Marahaba. Nunua iliyokaangwa, wakusagie hapo hapo dukani, useme ni ya presi. Chukua robo kilo tu, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Ukijaza kabati, ya mwisho utainywa haina hata harufu.