Zana za kujifunza Kichina peke yangu: nibaki na zipi, niache zipi?

Mwanagenzi ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimejifunza Kichina peke yangu kwa miezi saba, bila mwalimu wala darasa, na sasa ninahitaji ushauri wa waliotangulia. Nilianza na programu moja ya simu inayofundisha kwa mtindo wa mchezo, ambapo mtu huchagua jibu, hupata pointi na kusonga mbele. Nimeifuata kila siku bila kukosa, na kwa hesabu yake ninayajua maneno yapatayo 400.

Juma lililopita nilizungumza na Mchina kwa mara ya kwanza, kwa simu. Nilikusudia kumwambia kwamba ninataka kununua kamusi: 我想买词典, wǒ xiǎng mǎi cídiǎn. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulielewa hata aliporudia mara ya tatu. Ilibidi aniandikie ndipo nikatambua kwamba alikuwa akiniuliza ninaiuza kwa bei gani. Maneno yote nilikuwa ninayajua kwenye skrini. Mdomoni na masikioni sikuwa nayo.

Baada ya hapo nilipakua kila kilichosifiwa na mtu yeyote. Sasa nina kamusi tatu, programu mbili za kadi za kukariria maneno, vitabu kumi na kimoja na video nisizozimaliza, na muda wangu mwingi unaishia katika kufungua hiki na kufunga kile. Naomba mniambie ni zana zipi zinazostahili kubaki, kama kuna haja ya kuandika herufi kwa mkono, na nifanyeje ilhali karibu zana zote zimeelezwa kwa Kiingereza na mimi ninafikiri kwa Kiswahili.

Mkalimani wa Zamani amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, pole kwa yaliyokukuta, lakini umepata bahati ya kuliona tatizo ukiwa na maneno 400 badala ya 4,000. Kununua ni mǎi na kuuza ni mài, na kinachoyatofautisha ni toni pekee, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka ndani ya silabi. Programu ya kuchagua majibu haiwezi kukuonyesha kosa hilo, kwa sababu haikusikilizi. Inakupa herufi nne na wewe unagusa moja. Ningekuwa wewe, ningeziweka kando zana zote kwa wiki sita na kushughulikia sauti tu.

Anza na pinyin, yaani mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa rasmi nchini China mwaka 1958. Msomaji wa Kiswahili huwa na haraka nayo, kwa kuwa herufi zinafanana na zetu na sisi tumezoea kusoma kila kitu kama kilivyoandikwa. Huko ndiko tunakopotea. Katika pinyin, b si b yetu. Ni p isiyo na mpumuo, na p ni p yenye mpumuo. Ndivyo ilivyo pia kwa d na t, na kwa g na k. Anayekijua Kiswahili cha pwani ana mfano kinywani mwake tayari, maana paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo na paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo. Shika karatasi nyepesi mbele ya midomo yako: useme bà na isitikisike, useme pà na iruke. Kwa j, q na x, ncha ya ulimi hushuka nyuma ya meno ya chini. Kwa zh, ch na sh, hupanda na kurudi nyuma kidogo. Na u inayofuata j, q, x au y si u, bali ni sauti ya i inayotamkwa huku midomo imeviringwa.

Kisha toni. Kichina sanifu kina toni nne (ya kwanza hukaa juu, ya pili hupanda, ya tatu hushuka na kupanda, ya nne huteremka) na silabi nyepesi isiyo na toni yake, lakini ushauri wangu ni kwamba usijifunze toni mojamoja. Jifunze jozi. Toni nne zikifuatwa na toni nne au silabi nyepesi zinatoa jozi 20, na kwa kuwa toni ya tatu mbele ya toni ya tatu hugeuka kuwa ya pili, sikio linabaki na jozi 19 za kuzoea. Tafuta neno moja halisi kwa kila jozi, ulisikilize likitamkwa na Mchina, ujirekodi, kisha ulinganishe. Tovuti ya Forvo ina rekodi za watu wengi wakitamka maneno ya lugha yao, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sikio lililozoea sauti ya mtu mmoja humwelewa mtu huyo tu.

Zana ninayoipenda kuliko zote hapa haikutengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kichina. Inaitwa Praat, ni programu ya kompyuta isiyolipiwa iliyotengenezwa na wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Paul Boersma na David Weenink. Unaifungulia rekodi, nayo inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka kwa sauti. Weka mstari wa Mchina juu na wako chini. Mimi nilipofanya hivyo na neno lǎoshī, mwalimu, niliona kwamba yeye anaanza chini na kumalizia juu, na mimi ninaanza juu na kushuka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno lenye silabi mbili silabi hiyo ndiyo ya kwanza. Nilikuwa ninaubeba mkazo huo kwenda nao Kichina bila kujua. Kwa miaka miwili hakuna aliyeniambia. Mchoro uliniambia kwa dakika moja.

Bint Kalamu amejibu:

Ninakubaliana na Mkalimani kuhusu sauti, ila wiki sita bila neno jipya ni ndefu mno kwa mtu anayejisomea bila wa kumtia moyo. Fanya sauti kila siku, na maneno machache yaende pamoja nazo.

Kamusi iwe moja, na iwe Pleco. Kamusi yake ya msingi hailipiwi, unaweza kuchora kwa kidole herufi usiyoijua, na inafanya kazi bila intaneti. Kadi ziwe za Anki, ambayo ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, ingawa toleo la iPhone hulipiwa. Anki hukurudishia kila kadi baada ya muda unaozidi kurefuka kadiri unavyoikumbuka, na ikisahaulika muda huo hufupishwa. Kumi mpya kwa siku zinatosha. Usiongeze kwa siku ya hamasa, kwa sababu kadi unazoingiza leo zitakudai marudio wiki ijayo, na nimewahi kurudi baada ya kupumzika kidogo nikakuta kadi zaidi ya 600 zikinisubiri, nikaacha kila kitu kwa mwezi mzima.

Usipakue kadi zilizotengenezwa na mtu mwingine. Tengeneza zako, na zitengeneze kwa Kiswahili. Hili ndilo ninalotaka kulisisitiza, kwa sababu umeuliza kuhusu Kiingereza kana kwamba Kiswahili chako ni upungufu. Fungua kamusi uangalie bóbo, shūshu na jiùjiu. Tafsiri ya Kiingereza inakupa neno moja kwa wote watatu, na wanafunzi huanza kukariri maelezo marefu ili kuwatofautisha. Wewe andika baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, kazi imekwisha. Gūgu ni shangazi. Gēge ni kaka yako mkubwa na dìdi ni mdogo wako wa kiume. Lugha yako imeshakufundisha kuugawa ukoo; kinachobaki ni sauti tu.

Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya kuhesabia. Mchina hasemi kitabu kimoja kwa kuunganisha moja na kitabu. Lazima aweke neno katikati: yì běn shū kwa kitabu, yì zhāng zhǐ kwa karatasi, yì tiáo hé kwa mto, kwa sababu tiáo huendana na vitu virefu na vyembamba. Wengi hulalamikia jambo hili. Sisi tunaosema kitabu kimoja, mti mmoja na jiwe moja tumeshazoea kwamba nomino inaamua umbo la idadi yake. Kwa hiyo, kama vile mtu asivyojifunza nomino ya Kiswahili bila ngeli yake, usiandike nomino ya Kichina kwenye kadi bila neno lake la kuhesabia. Utakaposahau, tumia ge, nawe utaeleweka.

Upande wa mbele wa kadi weka sauti pekee, bila herufi wala pinyin. Herufi, pinyin, sentensi fupi na maana ya Kiswahili ziwe nyuma. Ukiweka herufi mbele, utarudi palepale ulipokwama: macho yatajua na masikio hayatajua.

Kuhusu kuandika kwa mkono, ninasema andika, hata kama ni herufi tano kwa siku. Si kwa ajili ya mwandiko mzuri, bali kwa sababu mkono hulazimisha jicho kuona sehemu za herufi, na herufi nyingi za Kichina zimejengwa kwa sehemu mbili, moja inayodokeza maana na nyingine inayodokeza matamshi. Chukua 青, qīng. Ukiiwekea maji upande wa kushoto unapata 清, qīng, yaani safi na angavu kama maji. Ukiiwekea jua unapata 晴, qíng, anga iliyotakata. Ukiiwekea alama ya maneno unapata 请, qǐng, kukaribisha au kuomba kwa adabu. Ukiiwekea alama ya moyo unapata 情, qíng, hisia. Mtu aliyeziandika hizi nne kwa mpangilio wake, juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, hazichanganyi tena. Aliyeziona tu kwenye skrini huziona zote kama kichaka kimoja.

Msafiri wa Vitabu amejibu:

Dada Bint Kalamu, kwa heshima, hapo kwenye mkono ninatofautiana nawe kidogo. Herufi 200 za mwanzo ziandikwe, sawa. Baada ya hapo ninaona muda huo una faida zaidi katika kusoma, maana kuandika siku hizi ni kuchapa pinyin kwenye simu na kuchagua herufi inayofaa, na kuchagua huko ni zoezi tosha la kutambua.

Kwa kusoma, programu ya Du Chinese ina makala fupi zilizopangwa kwa viwango, zikiwa na sauti ya msomaji, na unaweza kuificha pinyin. Ifiche. Jicho likiiona pinyin haliigusi herufi. Kwa sarufi, tovuti ya Chinese Grammar Wiki inatosha kwa miaka yako ya mwanzo; iko wazi kwa yeyote na imepangwa kuanzia A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa.

Angalizo moja kuhusu HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, kwa kuwa vitabu vingi ulivyopakua bila shaka vinautaja. Mpangilio ulioanza mwaka 2010 una viwango sita, kuanzia maneno 150 katika cha kwanza hadi 5,000 katika cha sita, na mwaka 2021 kulitolewa viwango vipya tisa vyenye maneno mengi zaidi hata katika ngazi za chini. Kwa hiyo angalia kitabu kinafuata mpangilio upi kabla ya kujipima nacho.

Na tafuta mtu. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya China, kikiwamo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, na wanafunzi wake wanahitaji wa kuzungumza naye kama unavyohitaji wewe. Kupitia HelloTalk au Tandem, programu za kubadilishana lugha, unaweza kukubaliana na mmoja: dakika ishirini Kichina, dakika ishirini Kiswahili.

Mwanagenzi ameandika:

Ninawashukuru sana nyote. Nimebaki na Pleco, Anki, Praat na Du Chinese, na nimefuta vilivyobaki, vitabu vikiwamo, isipokuwa kimoja. Jana usiku nilijirekodi nikisema sentensi ileile iliyoniumbua, nikaiweka kwenye Praat karibu na sauti ya Mchina niliyezungumza naye, ambaye alikubali kunirekodia. Nimeshangaa. Mimi nimechora mabonde matatu, wǒ, xiǎng, mǎi, kila moja likishuka na kupanda kama nilivyofundishwa kuhusu toni ya tatu, na kwenye bonde la mwisho nimeishiwa pumzi nikaishia na mteremko mtupu. Yeye katika maneno hayo hana bonde hata moja. Je, ametamka kwa uzembe?

Mkalimani wa Zamani amejibu:

Hapana, ametamka sawasawa, na umeangukia sentensi ngumu kuliko ulivyodhani, kwa sababu ina toni tatu za tatu zinazofuatana. Toni ya tatu hushuka na kupanda kikamilifu pale tu neno linaposimama peke yake au linapokuwa mwishoni. Katikati ya sentensi hubaki chini tu, haipandi. Na ikitangulia toni nyingine ya tatu, hugeuka kuwa ya pili. Kwa hiyo xiǎng mbele ya mǎi inakuwa xiáng, inapanda. Mǎi mbele ya cí inabaki chini kabisa. Na wǒ hubaki chini ukizungumza taratibu, au hupanda nayo ukizungumza haraka. Kamusi na vitabu huandika alama za asili tu, ndiyo maana hukuyaona mabadiliko haya.

Ule mteremko wako wa mwisho ndio uliosikika kama mài. Rekodi tena, ukiishusha mǎi kabla hujaitamka, kana kwamba unaanza kuzungumza ukiwa umeshafika chini, kisha uipandishe cí mara moja. Weka mstari huo hapa tuuone.