Rangi ya vibaraza vya madirisha inabanduka kila mwaka: tupeane uzoefu

Mkwezi wa Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, nyumba haiko mbali na bahari. Vile vibaraza vya saruji chini ya madirisha, upande wa nje, vimenishinda. Napaka vizuri, masika ikipita rangi imevimba malengelenge, ukiigusa kwa ukucha inatoka kama ganda la yai. Ukutani rangi ileile imetulia! Waliopitia haya mlifanyaje?

Msasa Mkavu
Chumvi hiyo, mkuu. Mimi niko Chumbageni, fundi wangu alikuwa anapaka juu ya vumbi tu. Safari hii nilikwangua mwenyewe mpaka nikafika kwenye saruji, nikapiga brashi ya waya, kisha nikafuta kwa kitambaa chenye maji na kuonja kidole. Chumvi kabisa! Nikaosha kwa maji ya bomba mara mbili, nikaacha pakauke. Usiku nikabandika kipande cha nailoni kwa selotepu. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, bado kuna unyevu, usipake. Nilisubiri siku tano. Mkono wa kwanza nilizimua rangi kwa maji kidogo ili inywewe.

Sultani wa Nyufa
Na usizibe nyufa kwa wolputi (ile lipu laini ya kusawazisha ukuta) ya ndani. Yangu ilinyeshewa mara moja ikawa uji.

Fundi Kimya
Mimi fundi, nakiri langu. Mteja alikuwa na harusi, nikampigia rangi ya mafuta juu ya plasta ya wiki moja. Haikuchukua muda ikawa inanata kama sabuni iliyolowa. Saruji mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta. Nikarudia kwa gharama zangu, na mke wa mteja hanisalimii hadi leo. Siku hizi nasubiri wiki nne.
Ila mkuu, kabla ya rangi, mwaga kikombe cha maji juu ya kibaraza uone yanaelekea wapi. Yanatakiwa yateremke nje. Halafu pitisha kidole chini ya ukingo wake: kama hakuna kamfereji ka kuyakatisha maji, yanatambaa chini kwa chini mpaka ukutani.

Bint Ngamiani
Sisi nyumba ya bibi ni ya mawe na chokaa. Tuliletewa fundi akakandika saruji ngumu juu yake; ikabanduka na kipande cha ukuta. Tumerudi kwenye chokaa. Kila mwaka tunapaka upya, sawa, lakini ukuta unapumua. Mwenye nyumba za zamani asiige ya saruji.

Mkwezi wa Raskazone
Fundi Kimya, nimetoka kumwaga kikombe sasa hivi. Madirisha manne: matatu maji yamerudi ukutani, la nne yametuama dimbwi na kuku ameshakuja kunywa. Kumbe nimekuwa nikiionea rangi bure. Kuongeza plasta ya kuteremsha maji nje, unachanganyaje mchanga na saruji?

Fundi Kimya
Ndoo tatu za mchanga kwa moja ya saruji, mchanga wa mto uliochekechwa. Ule wa ufukweni usiuguse.